Nani Alikufa?

Juma lililopita nilikwenda sokoni kutafuta chumvi, nikajikuta nimesimama mbele ya fundi wa viatu. Fundi huyo hukata ndala kutoka kwenye mikanda ya zamani ya mgodini, ile mipira mipana inayobeba mawe kutoka shimoni hadi kwenye mashine ya kusagia. Jua lilikuwa kali, mpira ulikuwa umepata moto, na kisu chake kilipoingia harufu ilipanda. Miguu yangu ilikataa kuendelea.

"Mama, nikupime?" aliniuliza. "Hii haiishake. Batu banakufa, hii inabakia."

"Naijua," nikamjibu. "Ilikaa mu nyumba yetu."

Alicheka, akadhani namsifia bidhaa yake. Nilirudi nyumbani bila chumvi. Nimemtumikia Mungu kwa miaka mingi, nimezika wengi na kusamehe karibu wote, lakini pua haijui kusamehe. Ninyi mliokulia katika kambi za wafanyakazi mnanielewa. Nyumba ngapi zilikuwa na kipande cha mpira ule nyuma ya mlango?

Chetu kilitundikwa kwenye msumari. Tata, baba yangu, alikikata mwenyewe kazini, urefu wa mkono, upana wa vidole vitatu. Ndani yake mlikuwa na nyuzi ngumu za kitambaa, na pembeni, pale uliposuguliwa na mawe ya shaba, palikuwa na vumbi la kijani ambalo halikutoka hata kwa sabuni. Mama alipopigwa, vumbi lile lilibaki juu ya ngozi yake iliyopasuka. Kwa muda mrefu niliamini kwamba majeraha ya wanawake huwa na rangi ya kijani pembeni, na kwamba wanaume walikuwa na yao, ya rangi nyingine, waliyoificha chini ya shati.

Tata aliendesha mashine kubwa ya kuchimba. Alifanya zamu ya usiku, akarudi asubuhi akinuka mafuta na lutuku, ile pombe kali ya mahindi waliyokunywa njiani. Watu wa nje walimjua kama mtu mpole. Kosa la Mama lingeweza kuwa lolote: bukari, yaani ugali, iliyolegea, maji ya kuoga yaliyopoa, mwanamke aliyecheka nje ya dirisha letu. Tata hakufoka. Alifunga mlango, akatungua mpira, akaanza kazi, akihema kama mtu anayepasua kuni. Niliona mgongo wa Mama ukifunguka. Niliona jino lake likiruka hadi chini ya meza, na jioni nikalifagia pamoja na majivu.

Mimi hakunigusa hata siku moja. Niliitwa Ngoie, jina la baba yake aliyekwisha kufa, na kwa desturi yetu mtoto anayebeba jina la baba yako ni baba yako, hata akiwa msichana wa miaka minane. Kwa hiyo Tata aliniita mimi Tata. "Tata, unipe mayi," alisema akishamaliza kumpiga Mama, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Aliniletea nusu ya mkate wa zamu yake, ameufunga kwenye karatasi, akanipa kwa heshima kama anavyopewa mkubwa. Kuna siku mkono huo ulikuwa na damu ya Mama kwenye kucha. Nilikula ule mkate. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Nyumba za kambi zilijengwa kwa mistari, mbili mbili, zikishirikiana ukuta mmoja. Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi Mama Kalala, mwanamke mnene mwenye sauti ya filimbi ya treni. Alisikia kila pigo. Mwanzoni Mama alipiga kelele, na kila alipopiga kelele tulisikia mchi wa Mama Kalala ukisimama kidogo, kisha ukaendelea kutwanga sombe, kisamvu chetu. "Ni mambo ya nyumba ya bantu," walisema kambini. Mwisho Mama aliacha kulia. Alipigwa akiwa kimya, nami nilijifunza kuhesabu mapigo kwa mhemo wa Tata.

Basi katika miaka hiyo ya kupigwa ndipo nilipokutana na ushairi, na nilikutana nao kama silaha.

Nkambo Umba, maana yake Bibi Umba, alikuwa shangazi yake Tata, dada mdogo wa yule marehemu Ngoie niliyebeba jina lake. Alikuja kwa treni kutoka upande wa Lubudi na kukaa kwa binti yake, mistari minne kutoka kwetu. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye jicho moja linaloona, na alinusa tumbaku hata mbele ya pasta. Kazi yake ilikuwa kasala. Asiyeijua, nitamwambia hivi: mtu akifa, mwanamke mwenye kasala husimama kwenye kilio, penye waombolezaji, na kumwita marehemu kwa majina yake yote, ya sifa na ya ukoo, baba kwa baba, kwa maneno yaliyopangwa tangu zamani na mengine anayoyaunda palepale.

Kilio changu cha kwanza kilikuwa cha mfanyakazi aliyepondwa na jiwe shimoni. Jeneza lilifungwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kutuonyesha kilichobaki. Wanaume walikaa kimya kama magogo. Kisha Nkambo Umba akasimama, akafungua kinywa, na kwa jina la kwanza mtu mmoja akainama. Kwa la pili mwingine akaanguka. Niliona kaka wa marehemu, dereva mwenye shingo ya ng'ombe, akitupwa chini kama aliyepigwa na nyundo, na hakuna mkono uliomgusa. Ni maneno tu.

Nikaanza kumwangalia bibi huyo kwa hofu. Wiki kadhaa baadaye nilimkuta akichambua maharagwe na kunong'ona majina ya mwanamke mmoja mgonjwa wa mstari wa kwanza. Alikuwa anajikumbusha, kama mwimbaji anavyopitia wimbo. Siku ya tatu mwanamke yule alifariki. Kwangu hapakuwa na shaka tena. Wote aliowaita walikuwa wamekufa, kwa hiyo kasala ndiyo iliyowaua.

Nilikwenda kwake nikiwa na ndoo ya maji kichwani.

"Nkambo, unifundishe kasala ya Tata."

"Ya tata yako? Kwani anagonjwa?"

"Hapana."

"Sasa unaitakia nini?"

Alinitazama kwa jicho lake moja, akapiga chafya ya tumbaku.

"Kasala haifundishwake," alisema. "Inaibiwaka. Mi niliiba ya mama yangu. Weka mayi pale, ukae, ufunge kinywa."

Msimu mzima wa mvua nilimchotea maji nikaiba. Aliisema kwa Kiluba, kwa sauti ndogo, akitwanga, na mchi ulimpa mwendo. Naiandika kwa Kiswahili, nikijua nusu ya utamu inamwagika:

*Wewe Kabamba wa Ngoie,*
*Ngoie wa Kyungu, Kyungu wa mto.*
*Mto haubishi hodi, unaingia.*
*Wewe chuma kilichoila nyundo iliyokifua,*
*jino la mamba lisilouliza jina la mvukaji.*
*Ulipopita nyasi ziliulizana: ni mvua, au ni mtu?*

Nilikuwa nakwenda kuiba kisu, na nikaanza kukipenda kisu chenyewe. Nilirudia maneno yale nikifua nguo, nikienda shuleni, nikiwa kanisani wakati wa mahubiri. Nyasi zilizoulizana zilinifanya nitetemeke, ingawa hakuna aliyenipiga. Sikuwa najua kwamba nyasi zinaweza kusema. Tangu hapo nilipotembea njia ya mgodini nilizisikia. Zipo siku nilisahau kabisa kwamba kazi ya maneno yale ilikuwa kumuua baba yangu, hadi niliporudi nyumbani na kuona msumari mtupu nyuma ya mlango, mpira umeshatunguliwa.

Nkambo alinipa onyo moja tu. "Usiikate katikati. Ukiianza, uifikishe. Ukiikata, inakugeukia."

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya jua baada ya mvua. Tata alirudi kutoka zamu akakuta Mama amempa Mama Kalala makaa. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Alifunga mlango. Alianza na mgongo kama kawaida, lakini Mama aligeuka, labda kusema neno, na mpira ukampata usoni kwa ubavu wake mgumu. Nilisikia mfupa. Ni sauti ya muhogo mkavu ukivunjwa kwa goti. Taya lake lilikaa upande, kama la mtu mwingine. Tata akapiga tena, na tena, na Mama akaenda chini kati ya meza na jiko, mkono mmoja ukaingia kwenye majivu. Hakusogea.

Nilipanda juu ya kigoda ili niwe mrefu kama Nkambo. Nikatoa ule mlio wa mwanzo, mrefu, mkono juu ya kichwa, kama nilivyoona kwenye kilio. Kisha nikamwita.

"Weye Kabamba wa Ngoie!"

Mkono wa Tata ulibaki juu. Aligeuka. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na mshangao wa mtu aliyeamshwa.

"Nani alikufa?" aliuliza.

Sikujibu. Niliendelea, Ngoie wa Kyungu, Kyungu wa mto.

"Tata," aliniambia, na sasa sauti yake ilikuwa nyembamba, "Tata, nani alikufa?"

Alikuwa anamuuliza baba yake. Hakuna anayepiga kasala nyumbani pasipo maiti. Macho yake yalizunguka chumba yakitafuta maiti, yakashuka, yakamkuta Mama sakafuni na mkono wake kwenye majivu. Mpira ukaanguka. Magoti yake yakafuata. Aligonga paji la uso kwenye saruji mara moja, mara mbili, akalala pale, akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama wala kwa mtu.

Nikajua nimemuua. Nilitaka kunyamaza, lakini niliogopa lile onyo, basi nikaendelea kumwita, huku makamasi yakinitiririka, chuma, nyundo, mamba, nikimwua zaidi kwa kila mstari na nikimpenda, kwa kuwa nilikumbuka mkate.

Kisha mchi wa upande wa pili wa ukuta ukaanguka. Mama Kalala alipaza sauti yake ya treni: "Yoo, bamama! Kuko kilio kwa Mama Ngoie!" Sauti ikaruka mstari wa pili, wa tatu. Mwanamke anayepigwa kambini hakuitikiwa na mtu. Kilio kiliitikiwa na wote. Kilio hakibishi hodi. Walisukuma mlango wakaingia, ishirini, thelathini, wakiwa na mikeka kwapani na kuni kichwani na masufuria, tayari wakilia.

Wakakuta Mama anapumua. Macho yake yalikuwa wazi. Kelele zikakatika.

"Maiti iko wapi?" aliuliza Mama Kalala.

"Hakuna," alisema Tata kutoka sakafuni. Nilishtuka kusikia anaongea.

"Hakuna namna gani? Tulisikia kasala. Nani aliipiga?"

"Ni miye," nilisema juu ya kigoda. "Nilikuwa namuua Tata."

Hakuna aliyecheka. Wanawake walimtazama Mama, kisha mpira, kisha mimi. Mama Kalala, ambaye alikuwa amesikia kila pigo kwa miaka yote ile na kuendelea kutwanga, alikunja uso kama anayemeza dawa. Alitandika mkeka wake katikati ya chumba chetu.

"Bamama, mukae," alisema. "Kilio kilisha kuanza."

Wanne walimfunga Mama taya kwa kitenge, wakampeleka zahanati. Aliporudi mchana, amefungwa bandeji hadi utosini, walikuwa bado wapo. Walikaa siku tatu. Walipika, waliimba nyimbo za kanisa, na kila Tata alipotaka kuingia nyumbani kwake ilimbidi aruke miguu ya waombolezaji. Nje wanaume waliotoka kazini walileta vigoda vyao na kuketi naye, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa.

"Pole, Kabamba," alisema mwenzake wa mashine, Tata Mutombo. "Nani?"

"Hakuna mutu."

"Mama Ngoie?"

"Eko muzima."

Tata Mutombo alitoa sigara. "Basi tunangoja," alisema, akaiwasha.

Nkambo Umba alifika jioni ile ya kwanza na fimbo yake. Nilijificha nyuma ya wanawake. Alinivuta kwa sikio.

"Nani alikufundisha?"

"Niliiba."

"Uliiba mubaya. Ulimuruka mama yake, haukumutaja. Kila muntu eko na mama, hata tata yako." Aliniachia sikio. "Na hii ya kuua, uliitoa wapi?"

Nilimweleza: dereva aliyeanguka, yule mwanamke mgonjwa. Alisikiliza hadi mwisho. Jicho lake lililokufa lilikuwa linatoa maji kama lile zima.

"Kasala haiuwake muntu, Ngoie. Inamuita. Muntu akikufa tunamuita asipotee njia. Muzima naye anapoteaka." Alitazama mlango, ambako Tata alionekana mgongo. "Mi nilipaswa kuja hapa kitambo. Niliogopa."

Kisha akaketi mkekani karibu na Mama, mbele ya watu wote, akampigia Mama kasala yake akiwa hai. Mama alikuwa hawezi kusema neno. Alisikia.

*Wewe Kyabu wa Mwilambwe,*
*kinu kinachotwangwa kutwa nzima,*
*na jioni ni mchi unaopasuka.*
*Mlango wako umevunjwa,*
*nyuma yake nyumba bado imesimama.*

Nilimtazama Mama wakati wa maneno yale. Mgongo uliozoea kujikunja ulinyooka polepole, kiungo kwa kiungo, hadi akakaa kama mtu anayepigwa picha. Kama mtaniuliza ni saa gani nilianza kupenda ushairi, ni hapo. Niliyoiiba ilikuwa ya kuangusha. Sikujua kuna ya kuinua, na kwamba ni kinywa kilekile.

Siku ya tatu lilizuka tatizo. Kilio hakiondoki bila kaburi, na wanawake walikuwa na bustani na watoto wa kurudia. Mama Kalala ndiye aliyekwenda kuokota kile kipande cha mpira chini ya meza. Alimpelekea Tata pamoja na jembe. Tata alichimba nyuma ya nyumba, karibu na migomba, yeye aliyechimba mlima mzima kwa mashine. Alichimba kwa mikono hadi kiunoni. Wakaweka mpira chini, mama mmoja wa kanisa akaomba sala fupi, wakafukia, wakakunja mikeka yao.

Sitawadanganya kwamba alitoka pale malaika. Lutuku hakuiacha mara moja. Siku moja mwaka uliofuata aliinua mkono mtupu. Mama, kwa taya lile lililopona upande, hakukimbia. Alisema kwa sauti ya chini, kwa shida: "Weye Kabamba wa Ngoie." Mkono ulikaa hewani. Tata akatoka nje, akarudi jioni, akaomba maji. Hakumwinulia tena. Baadaye aliingia kanisani, akakaa benchi la nyuma kabisa, na hapo alikaa hadi uzee.

Nami niliendelea kuiba. Nimeiba kwa wauza mihogo wa Kasaji, kwa bibi kwenye treni, kwa wajane. Nina madaftari mengi, panya wamekula mawili. Nilipofundishwa imani na kusikia Maandiko yakisomwa, niliitambua sauti: ni mtu anaitwa kwa jina lake ili arudi. Kwa hayo yote namshukuru Mungu, hata kwa kigoda. Kwa taya la Mama bado sijaweza kushukuru. Namwambia hivyo katika sala, naye ananivumilia.

Tata alikufa kitandani, mzee, mchana. Kilio kilijaa. Wanawake walinitazama, kwa kuwa Nkambo Umba alikuwa ameshatutangulia. Maneno niliyatunza maisha yote, lakini niliyatunza nikijua nilivyoyatumia mara ya kwanza. Nilikaa mkekani nikiangalia mikono yangu.

Mama alikuwa kando ya jeneza. Aliniita kwa kidole, nikasogea, nikainamisha sikio kwenye kinywa chake kilichopinda.

"Ngoie," alisema. "Siku ile tata yako alikuuliza kitu. Haukumujibu."

Nikasimama. Niliweka mkono juu ya kichwa, nikamwita, na mara hii sikumruka mama yake.